Kabla ya Kusuka, Tutembee Kwanza



Mwaka uliopita tuliitwa na kikundi kimoja cha kina mama wanaosuka vikapu vya mkonge, upande wa Kasigau. Tulipofika tulikuta vikapu 40 vimepangwa chini ya mti wa mkutano, vyote vipya, na kina mama wamekaa kimya. Mnunuzi alikuwa amevirudisha. Tulivishika kimoja kimoja, tukavigeuza, tukavuta mikanda. Hakuna kilicholegea. Vilikuwa vimebana hata ukitia mtama haupenyi. Kosa lilikuwa moja tu: mnunuzi alisema vimefanana na vya vikundi vingine alivyokwisha kununua, na duka lake limejaa vya namna hiyo.

Cha kuudhi ni kwamba mtindo ule aliuleta yeye mwenyewe, kwenye picha ya simu, mwaka mmoja kabla. Lakini hayo tuyaache.

Pesa za vikapu vile zilikuwa na kazi tayari. Zilikuwa karo ya muhula wa kwanza katika nyumba zisizopungua tisa. Basi mwenyekiti akasema maneno ambayo tumeyasikia katika vikundi vingi, kutoka Voi hadi Wundanyi hadi Taveta: "Sisi mikono tunayo. Kichwa cha kubuni ndicho hatuna. Tuleteeni mtindo mwingine."

Tungeweza kuuleta. Tungekata picha katika gazeti, tungewapa, na mwaka mmoja baadaye tungekaa tena chini ya mti ule ule. Lakini kulikuwa na nyanya mmoja, mkubwa kuliko wote pale, ambaye alicheka, akasema: "Mitindo ya zamani hakuna mtu aliyetuletea. Tulikuwa tukienda kuni."

Tulimwomba aeleze. Alisema ukitembea na mzigo kichwani huwezi kuzungumza sana, kwa hiyo unatazama. Unaona ganda la mti, unaona mistari ya mchanga mvua ilipopita, na ukifika nyumbani ukikalia kikapu vidole vinakumbuka. Siku hizi, akasema, kuni zinaletwa na pikipiki na macho yako kwenye simu. Makala haya yametokana na maneno hayo ya nyanya.

Kwa nini miguu inasaidia kichwa

Kuna watu watakaosema haya ni mambo ya wazee tu. Sivyo. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, waliwapa watu maswali ya kubuni. Kwa mfano, kitu hiki cha kawaida unaweza kukitumia kwa kazi gani nyingine ambayo haijazoeleka? Walijibu wakiwa wamekaa, na pia wakiwa wanatembea. Wakati wa kutembea, mawazo mapya yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Tena, waliotoka kutembea wakakaa chini waliendelea kubuni vizuri kwa muda.

Lakini watafiti hao waliona jambo jingine ambalo sisi tumelipenda zaidi. Kwa maswali yenye jibu moja tu lililo sahihi, kutembea hakukusaidia. Wanaotembea walifanya vibaya kidogo. Kwa hiyo hesabu za kikundi zifanyeni mkiwa mmekaa. Kuhesabu nyuzi, kugawa pesa, kupanga bei, hizo ni kazi za mkekani. Ni kazi ya kutafuta jipya inayohitaji miguu.

Na iko hadithi ya kweli ya kishonanguo. Mnajua wenyewe mbegu zile nyeusi zinazonasa kwenye leso ukipita shambani, ukifika nyumbani unakaa kuzing'oa moja moja ukilalamika. Mwaka 1941 mhandisi mmoja wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezi ya msituni na mbwa wake. Nguo zake na manyoya ya mbwa zilikuwa zimejaa mbegu za aina yao kule, zinazonasa vivyo hivyo. Badala ya kulalamika alizitazama kwa hadubini, akaona kila mbegu ina vijindoano vidogo vinavyoshika nyuzi. Akajiuliza kama mtu anaweza kutengeneza kitu kama hicho kwa makusudi. Ilimchukua miaka mingi, na hati ya kumiliki ubunifu wake alipata mwaka 1955. Ndiyo Velcro, ule mkanda wa viatu vya watoto unaolia ukiufungua. Kishonanguo chetu kimepita kwenye leso za kina mama wangapi?

Tutembee wapi

Stanford walitembeza watu wengine ndani ya chumba, kwenye mashine, wakitazama ukuta mtupu, na bado ilisaidia. Kwa hiyo hata kuzunguka kiwanja cha shule kunafaa. Lakini msusi wa vikapu anahitaji zaidi ya wazo. Anahitaji rangi na mpangilio, na hivyo haviko ukutani.

Sisi watu wa Taita Taveta tuna bahati ambayo wengi hawana. Voi iko chini, kavu, nchi ya migunga na mibuyu na udongo mwekundu. Ukipanda gari kwenda Wundanyi, kwa muda mfupi tu umefika kwenye baridi na ukungu; kilele cha Vuria kimepita mita 2,200. Kasigau nao, ingawa umesimama peke yake katikati ya nyika, una msitu wa ukungu juu yake. Msitu wa Ngangao, wenye hekta 120 hivi, una miti mikubwa ya asili. Mbololo kuna ua la zambarau, Saintpaulia teitensis, ambalo porini halipatikani popote pengine duniani. Huko juu pia kuna ndege wasioonekana mahali pengine. Mtu anayesuka Bungule na mtu anayesuka Werugha hawana sababu yoyote ya kutoa kikapu kimoja.

Sasa ruhusa. Hili msilipuuze. Sehemu kubwa ya kaunti yetu, karibu asilimia 62, iko ndani ya mbuga za Tsavo, na huwezi kuingia mle kwa miguu yako ukasema unatafuta nakshi. Misitu ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na ipo misitu ambayo wanakijiji wana chama chao cha kuilinda pamoja na shirika hilo. Nendeni kwa chama, ongeeni na mlinzi wa msitu, semeni mnakwenda kutazama. Shamba la mtu linahitaji hodi. Na palipo na fighi, yale maeneo matakatifu ya wazee wa Kitaita, msiingie bila wazee. Msitu wa namna hiyo uliachwa bila kukatwa kwa sababu watu waliuheshimu, na si vyema sisi tuwe wa kwanza kuingia tukipiga makelele.

Na ndovu. Kwa nyika ya chini, msitoke alfajiri wala msirudi jioni. Ulizeni vijana wachungaji asubuhi hiyo ndovu wamepita wapi. Sisi tuliahirisha matembezi mara mbili kwa ajili yao, na hatujutii.

Siku tuliyotembea

Tulikuwa kumi na wanne. Tulichukua njia ya chini ya mlima, mwendo wa saa mbili, na mlinzi mmoja aliyeijua njia. Sharti lilikuwa moja: nusu saa ya kwanza hakuna kuzungumza. Hilo lilikuwa gumu kuliko kupanda.

Wengine walianza kwa kuokota. Hapana, tulisema, leo tunatazama. Mama mmoja alisimama kwenye mti wa nyikani ambao ganda lake linabanduka jembamba kama karatasi, na chini yake ni kijani kibichi. Alikaa hapo mpaka tukamwacha nyuma. Mwingine aliona mbuyu uliosuguliwa na ndovu. Mnajua ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa ajili ya vumbi letu. Basi pale walipojikuna paliachwa mkanda mwekundu kwenye shina la kijivu, umenyooka, kimo cha bega la ndovu. Huyo mama alisema, "Huu ni mshipi wa kikapu." Tuliona kundi la kanga, wale wenye kifua cha buluu iliyokolea na mistari myeupe shingoni. Hapo nyanya akatukumbusha kwamba hata kanga tunazojifunga, watu wa Pwani wengi husema, ziliitwa hivyo kwa sababu za kwanza zilikuwa na madoadoa kama ya ndege huyo. Kumbe hata vazi letu lina alama ya mtu aliyemtazama ndege!

Tulipoketi kupumzika tulitoa kazi ya siku hiyo. Kila mmoja alikuwa na kijiti cha urefu wa kiganja na mabaki ya nyuzi za rangi mbalimbali. Tukasema: usichore. Zungushia nyuzi kwenye kijiti chako jinsi ulivyoona rangi zilivyofuatana. Kama kijivu kilikuwa kingi na wekundu kidogo, zungusha kijivu mara kumi, nyekundu mara mbili. Kama weupe ulikatiza, zungusha nyeupe mara moja.

Kijiti hiki tunawaomba mkijaribu, hata kama mengine yote katika makala haya hamtayafuata. Mama asiyejua kusoma ameandika mtindo wake hapo. Akirudi nyumbani, mizunguko ya kijiti inakuwa mizunguko ya kikapu. Mara kumi zinaweza kuwa mistari kumi, au ishirini kama kikapu ni kikubwa. Anaweza kukirudia mwaka ujao bila kubahatisha. Na mwenzake hawezi kusema, "Ulinakili changu," kwa sababu kijiti kipo.

Tusifiche yaliyoshindikana. Kuna waliorudi wakajaribu kusuka ndovu mwenyewe, masikio na mkonga. Vikapu viwili vya kwanza vilitoa mnyama ambaye watoto wa pale walimwita nguruwe. Kikapu cha mkonge kinazunguka, mistari yake inapenda kulala. Mikunjo ya mnyama haikikubali kwa urahisi. Tulijifunza kutoleta mnyama nyumbani. Tunaleta rangi yake, mpangilio wa madoa yake, nafasi kati ya hatua zake.

Kosa letu la ganda

Wiki moja baada ya matembezi, wanachama wawili walirudi peke yao kwenye mti waliokuwa wameupenda, wakabandua ganda ili wachemshe rangi. Walibandua mzunguko mzima, kutoka kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa. Rangi ilitoka nzuri sana, ya kahawia ya kupendeza. Mti ukakauka.

Kosa tunalibeba sisi, kwa maana tulifundisha kutazama tukasahau kufundisha kuchukua. Chakula cha mti kinatengenezwa kwenye majani na kuteremka hadi kwenye mizizi kupitia sehemu ya ndani ya ganda. Ukikata mzunguko wote, umekata njia hiyo. Mizizi inakufa njaa, na mti unafuata, hata kama majani yatabaki kijani kwa miezi. Kama ni lazima ganda, chukueni kwenye tawi lililoanguka, au kwenye mti unaokatwa kwa kazi nyingine. Mti ulio hai wa porini uacheni.

Tunasema kwa ukali kidogo kwa sababu hatuna misitu ya kuchezea. Uchunguzi wa picha zilizopigwa kutoka angani ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1955 na 2004 karibu nusu ya misitu ya asili ya milima ya Taita ilipotea. Iliyobaki ni viraka. Kikundi kinachotafuta riziki kwa kumaliza kiraka kitabuni mara moja tu.

Na rangi haziko porini peke yake. Majani ya mkaratusi, ambayo milimani yamejaa, hutoa kahawia inayoelekea machungwa. Maganda ya vitunguu hutoa manjano iliyoiva. Mbegu za parachichi, ambazo Taita tunazitupa kila msimu, hutoa rangi ya waridi. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika hutoa hudhurungi. Ukitaka nyeusi au kijivu, loweka misumari yenye kutu siku kadhaa, kisha tia maji yake katika rangi iliyotoka kwenye chai au ganda la mwati. Chuma kikikutana na ule ukakasi rangi inageuka kuwa giza. Msizidishe, chuma kingi kinaozesha nyuzi.

Osheni nyuzi kwanza kwa sabuni, suuzeni vizuri. Kwa nusu kilo ya nyuzi kavu tumieni shabu gramu 50 hadi 75, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ili rangi ishike. Majani au maganda yawe na uzito sawa na nyuzi au zaidi. Chemsheni saa moja, chujeni, tieni nyuzi, acheni zipoe humo humo usiku kucha. Anikeni kivulini. Sufuria ya rangi isirudi kupikiwa ugali.

Kabla ya kuuza, jaribuni jua. Chukueni uzi uliotiwa rangi, nusu mfunike kwa kipande cha bati, nusu muuache juani wiki mbili. Kama nusu zile mbili hazifanani tena, rangi hiyo haifai kwa kikapu cha kuuza, ingawa ni nzuri leo.

Malalamiko tuliyoyasikia

Kuna mzee mmoja alituuliza, mbele ya watu, kama sasa tunafundisha wake zao kuzurura. Tulicheka wote, lakini swali lake si la kutupa. Mama wa Kasigau anachota maji mbali, ana mbuzi, ana watoto. Saa mbili za kutembea atazitoa wapi? Kikundi chenyewe ndicho kilichopata jibu. Matembezi ni mara moja kwa mwezi, siku ile ile ya mkutano, na njia inapita mahali pa maji ili kila mmoja arudi na mtungi wake. Yule mzee, tuseme ukweli, alikuja matembezi ya tatu. Anajua majina ya miti kwa Kitaita kuliko sisi wote, na sasa kina mama wanamngojea kabla ya kuondoka.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Kati ya vijiti kumi na vinne, kikundi kilichagua vitano vya kujaribu, na vitatu vikatoka vizuri. Mnunuzi mwingine alichukua viwili, mmoja wapo ukiwa ule wa mshipi wa ndovu, kwa bei ya juu kidogo kuliko ya zamani. Haikutosha kulipa karo zote tisa. Ililipa sita, tatu zilisaidiwa na mfuko wa kikundi. Miezi minne baadaye mshipi wa ndovu ulionekana sokoni Voi, umesukwa na watu wengine.

Hasira zilikuwa nyingi. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na serikali za kaunti zina jukumu la kuweka rejista. Ni vizuri vikundi vyetu viulize ofisi za kaunti habari ya rejista hiyo. Lakini sheria haitafika sokoni Jumanne asubuhi. Kilichosaidia kikundi hiki hadi sasa ni sanduku. Kila kijiti kimefungwa karatasi yenye tarehe, mahali pa matembezi na jina la mama aliyekizungusha. Mnunuzi akija anaonyeshwa kijiti pamoja na kikapu, na anaambiwa mbuyu wenyewe uko wapi. Walionakili mshipi hawana hadithi ya kusimulia. Na sanduku lina vijiti vingine ambavyo havijasukwa bado.

Kikundi chenu kikikutana, tunaomba mjadiliane haya. Mtindo mnaousuka sasa ulitoka wapi, na nani mwingine anausuka? Ni njia gani karibu nanyi ambayo hamjaipita kwa miguu mwaka huu, na ni nani wa kuombwa ruhusa? Rangi mnazotumia zinachukua nini kutoka kwa mti gani? Na ni nani kati yenu anayejua majina ya miti, na mlimkaribisha lini kwa mara ya mwisho?

Wale wa Kasigau wanatembea tena mvua za vuli zikiisha. Nyanya amesema safari hiyo atatembea bila kubeba kitu.